Hamira na chumvi ya Uvinza: shajara ya mradi wa kupima seli zinavyojiandaa kwa chumvi

Mradi huu unafanyika Kigoma mjini kwa vifaa vya maabara ya sekondari na vya jikoni. Swali ni moja: seli ya hamira ikionjeshwa chumvi ya wastani kwanza, je, inavumilia chumvi kali baadaye? Kama inavumilia, kinga hiyo inachukua muda gani kujengeka?

Muda ndio kiini cha kazi. Maji hutoka kwenye seli kwa osmosisi, yaani kuvutwa na chumvi ya nje kupitia utando wake, ndani ya sekunde chache baada ya chumvi kumwagwa. Lakini jeni ikishawashwa, lazima inukuliwe kuwa RNA (nakala ya jeni), RNA isomwe na ribosomu (mtambo wa seli wa kutengeneza protini), protini itengenezwe, na protini hiyo ianze kufanya kazi. Hatua hizo zinakula dakika nyingi. Kwa hiyo kinga inayokuja papo hapo ingeonyesha kwamba haikusubiri jeni, na kinga inayochelewa ingeashiria kwamba jeni ziliwashwa kwanza. Hapa hatuna mashine ya kupima RNA. Tunahesabu seli zilizobaki hai, kisha tunasoma saa.

8 Juni 2024. Chumvi, chakula na sahani

Tumetumia chumvi ya mawe kutoka Uvinza, ile inayotokana na chemchemi za maji ya chumvi upande wa Ruchugi na Malagarasi. Inapatikana kila soko la hapa na bei yake ni ndogo. Tatizo lake ni unyevu. Gramu 250 zilipokaangwa kwenye sufuria kavu kwa saa 2 zilipungua gramu 14, yaani mtu akipima chumvi mbichi anadhani ameweka molari 0.7 (kipimo cha wingi wa chumvi kwa kila lita) kumbe ameweka 0.66. Ikaushwe, isagwe, ihifadhiwe kwenye chupa inayofunga vizuri.

Mchanganyiko mama ni molari 2.8: gramu 163.6 za chumvi kavu, maji yaongezwe mpaka ujazo ufike lita 1. Siyo lita 1 ya maji kisha chumvi juu yake. Uchujwe kwa pamba, maana chumvi hii ina mchanga kidogo. Njia rahisi ya kuuhakiki ni mizani: mililita 100 zinatakiwa kuwa na uzito wa karibu gramu 110.5. Ikisoma pungufu, chumvi bado ilikuwa na maji.

Chakula ni mchuzi wa viazi: gramu 200 za viazi mviringo vilivyomenywa, visiwe na rangi ya kijani, vichemshwe dakika 30 na kuchujwa, kisha gramu 20 za glukosi na maji kufikia lita 1. Kwa sahani, yaani visahani vya kupandia seli, tunaongeza gramu 20 za agari ili mchuzi ugande. Kila kitu kinapikwa kwenye sufuria ya presha dakika 20. Dakika 15 za vitabuni ni za usawa wa bahari. Hapa tuko zaidi ya mita 770 juu yake, na sufuria haifiki joto lilelile.

Sahani za chumvi kali ni molari 1.4, yaani mchuzi wenye nguvu maradufu, pamoja na agari maradufu, unachanganywa nusu kwa nusu na mchanganyiko mama. Fungu la kwanza liliharibika lote. Mchanganyiko mama ulikuwa wa baridi, agari ikaganda mabonge kabla ya kumiminwa. Upashwe moto hadi nyuzi 60 kwanza.

15 Juni 2024. Jaribio la 1: limeshindwa

Hamira kavu ya dukani ililowekwa kwenye maji ya nyuzi 38 kwa nusu saa, ikagawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilikaa dakika 60 kwenye mchuzi wa molari 0.7, hizi tunaziita seli zilizozoeshwa. Fungu la pili lilikaa kwenye mchuzi mtupu. Yote mawili yakapandwa kwenye sahani za molari 1.4, sahani 3 kila fungu.

Zisizozoeshwa: koloni (vidoa vinavyoota, kila kimoja kutoka seli moja iliyobaki hai) 71, 66 na 78. Zilizozoeshwa: 74, 69 na 80. Hakuna tofauti ya maana.

Kosa halikuwa kwenye chumvi, lilikuwa kwenye hamira. Kiwandani hamira hulishwa molasi mpaka iongezeke, kisha mwishoni hunyimwa chakula ili seli ziache kuchipua na zijaze akiba ya sukari iitwayo trehalosi. Bila akiba hiyo zingekufa wakati wa kukaushwa. Seli yenye njaa huwa imeshawasha jeni nyingi za kujikinga kwa jumla kupitia protini mbili, Msn2 na Msn4, ambazo huitikia njaa, joto na chumvi vilevile. Ndiyo maana hamira ya pakiti inafika mezani ikiwa imeshajikinga, na dakika 60 za kuizoesha haziongezi kitu. Yeyote atakayeiga kazi hii akumbuke hapa ndipo majaribio mengi ya darasani yanapofia, na mwalimu anaweza kuhitimisha kwamba nadharia ina makosa.

Dawa yake ni kuzikuza upya mpaka ziwe zinagawanyika kwa kasi.

29 Juni 2024. Jaribio la 2: nusu ya jibu

Hamira kiasi cha ncha ya kijiti ilikuzwa usiku kucha kwenye mililita 20 za mchuzi. Asubuhi mililita 1 ya mchuzi huo ilihamishiwa kwenye mililita 50 za mchuzi mpya. Joto tulilihifadhi kwa kasha la foamu, lile la wauza samaki, na ndani yake chupa mbili za maji moto zilizobadilishwa kila saa 2: nyuzi 28 hadi 31. Mchuzi ukatikiswa kila robo saa.

Tulijuaje kwamba ziko kwenye ukuaji wa kasi? Kwa hadubini, ukuzaji wa mara 400, kwa kuhesabu seli zenye vichipukizi. Saa ya kwanza zilikuwa 12 katika kila 100. Saa ya 5 zikafika 58, na saa ya 7 zikafika 71. Tunaanza kazi zikipita 60. Kipimo hiki hakina gharama, na tunakiamini kuliko saa, kwa kuwa hamira ya pakiti iliyokaa muda mrefu huchelewa kuamka.

Kwa idadi tunatumia kioo cha kuhesabia seli za damu. Sampuli iliyozimuliwa mara 10 ikionyesha seli 100 kwenye mraba mkubwa mmoja, wa milimita 1 kwa 1 na kina cha milimita 0.1, mchuzi una seli milioni 10 kwa kila mililita. Kuzizoesha ni rahisi: mchuzi wenye hamira unachanganywa na ujazo uleule wa mchuzi wa molari 1.4, tunapata 0.7. Fungu lisilozoeshwa linapewa mchuzi mtupu wa ujazo huohuo. Kisha tunazimua mara 10, hatua 4, na kupanda mililita 0.2, yaani seli zipatazo 100 kwa sahani.

Matokeo kwenye chumvi kali, zisizozoeshwa: 9, 13, 8. Zilizozoeshwa: 21, 17, 26. Tofauti ipo, lakini ndogo mno kwa seli zilizopewa saa nzima.

Chanzo tulikipata kwenye hatua ya kuzimua. Tulitumia maji yaliyochemshwa. Silaha kubwa ya hamira dhidi ya chumvi ni gliseroli, ambayo seli huijaza ndani ili maji yasiendelee kutoka. Kwenye utando wake kuna mlango wa gliseroli uitwao Fps1. Chumvi ikiwepo nje, mlango hufungwa. Seli ikirudishwa ghafla kwenye maji matupu, mlango hufunguka na gliseroli humwagika ndani ya dakika chache, vinginevyo seli ingevimba kupita kiasi. Kuzimua hatua 4 kulituchukua dakika 20. Tulizipa seli saa nzima ya kujaza ghala, kisha tukalifungua sisi wenyewe kabla ya mtihani.

13 Julai 2024. Jaribio la 3: limefaulu, baada ya sahani kukauka

Mabadiliko ni moja tu: zilizozoeshwa zinazimuliwa kwa mchuzi wa molari 0.7, zisizozoeshwa kwa mchuzi mtupu.

Mara ya kwanza hatukupata cha kuhesabu. Kwenye chumvi kali koloni huchukua siku 5 au 6 kuonekana, wakati sahani ya kawaida inatosha siku 2. Kwa upepo mkavu wa kiangazi, sahani za mililita 15 zilisinyaa na kuota fuwele za chumvi pembeni. Maji yakipungua, molari 1.4 haibaki 1.4. Sasa tunamimina mililita 25 na kuzifunga sahani kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambaa chenye maji ya chumvi ya molari ileile. Kitambaa cha maji matupu hakifai: mvuke wake hutua juu ya agari na kupunguza chumvi. Ukungu pia uliingia kwenye sahani 4. Dirisha lifungwe, meza ipigwe spiriti, kazi ifanyike karibu na mwali.

Marudio ya siku 6 baadaye, kwenye chumvi kali: zisizozoeshwa 11, 14, 9, zilizozoeshwa 79, 88, 84. Kwenye sahani zisizo na chumvi, kwa kulinganisha: 102, 97, 110. Yaani katika seli 100, zisizozoeshwa zinapona kama 11, zilizozoeshwa kama 81.

Kwa kuwa chumvi ya soko ina madini joto, tulirudia kwa chumvi safi ya maabara. Zilizozoeshwa zikatoa 83, 77 na 86. Madini joto hayahusiki.

27 Julai 2024. Kusoma saa

Seli za mchuzi mmoja, zimezoeshwa kwa muda tofauti. Kasoro moja ilibidi irekebishwe kwanza: kuzimua kunachukua dakika 8 hata kwa mikono yenye uzoefu, kwa hiyo "dakika 10" ilikuwa kweli 18. Mchuzi wa kuzimulia sasa unakaa kwenye barafu, na baridi inasimamisha kazi ya seli tangu tone la kwanza.

Dakika 0: 10, 13, 9.
Dakika 10: 15, 12, 18.
Dakika 30: 38, 45, 41.
Dakika 60: 81, 76, 86.
Dakika 120: 90, 85, 93.
Bila chumvi kali: 101, 108, 96.

Jedwali hili ndilo tulilolitafuta tangu Juni, na linastahili kusomwa polepole.

Dakika ya 10 seli bado ni dhaifu, ingawa taarifa ilishafika zamani. Njia ya taarifa hiyo ilianza kuelezwa mwaka 1993, na inaanza kinyume na mtu anavyotarajia. Kwenye utando kuna kihisio kiitwacho Sln1. Mambo yakiwa shwari, Sln1 haikai kimya. Inapokeza fosfeti (kipande kidogo cha kemikali) kwa protini iitwayo Ypd1, Ypd1 inaipa protini nyingine, Ssk1, na fosfeti hiyo ndiyo inayoilaza Ssk1. Maji yakitoka na utando ukilegea, Sln1 inaacha kupokeza. Ssk1 inaamka kwa kukosa fosfeti, inaiamsha protini Ssk2, nayo inaiamsha Pbs2, nayo Hog1. Hog1 iliyowashwa inaingia kwenye kiini cha seli ndani ya dakika chache. Huko haifanyi kazi peke yake. Inashikana na protini zinazokaa juu ya DNA, kama Hot1, Sko1, Msn2 na Msn4, na kukiita kimeng'enya kinachonukuu jeni. Sko1 inavutia zaidi kuliko zote: siku za kawaida ndiyo inayoizima jeni ENA1, lakini Hog1 ikiibandika fosfeti, Sko1 hiyohiyo inageuka kuwa mwashaji.

Kwa hiyo dakika ya 10 kengele imeshalia na RNA zinaandikwa, ila mikono bado mitupu. Kati ya dakika ya 10 na ya 60 ndipo bidhaa zinapotoka: jeni GPD1 inatoa kimeng'enya kinachogeuza sehemu ya sukari kuelekea gliseroli, na ENA1 inatoa pampu inayosukuma sodiamu nje. Baada ya saa 1 ongezeko linakuwa dogo. Ghala limejaa, utando umekaza tena, na Hog1 hutoka kwenye kiini. Seli haiachi king'ora kikilia bila sababu. Aina ya hamira ambayo Hog1 yake imelazimishwa kubaki imewaka huacha kukua.

Jaribio dogo la pembeni: kuzoesha kwa molari 1.0 badala ya 0.7. Dakika 60 zilitoa wastani wa koloni 58, dakika 120 zikatoa 84. Chumvi ikizidi, mwitikio unachelewa. Sababu moja inayofahamika ni kwamba chumvi nyingi ndani ya seli hubandua protini kutoka kwenye DNA, na unukuzi karibu wote husimama mpaka seli ipunguze chumvi hiyo. Anayetaka kuzoesha haraka asiongeze chumvi.

10 Agosti 2024. Ni maji au ni sodiamu? Na barafu

Chumvi inaiumiza seli kwa njia mbili: inavuta maji, na sodiamu yenyewe ni sumu ikirundikana ndani. Ili kuzitenganisha, tulizoesha seli kwa glukosi yenye mvuto wa maji sawa na chumvi ya molari 0.7, yaani glukosi ya molari 1.3 hivi. Mtihani ukabaki uleule, sahani za chumvi kali.

Angalia maandishi ya pakiti. Glukosi nyingi za dukani zina molekuli moja ya maji ndani ya kila fuwele, hivyo molari moja ni gramu 198, siyo 180. Kwa mililita 100 za molari 2.6, ambazo zitachanganywa nusu kwa nusu, ni gramu 51.5, maji yafikie ujazo wa mililita 100.

Fungu la kwanza tulilipika pamoja na mchuzi wa viazi, likatoka rangi ya chai ya rangi. Seli zilizozoeshwa humo zilitoa 33, 28 na 37. Glukosi nyingi ikipikwa na protini za viazi kwa presha huzalisha kemikali zinazoidhuru hamira. Fungu la pili, glukosi ilipikwa peke yake kwenye maji dakika 10, kisha ikachanganywa na mchuzi ikiwa ya uvuguvugu. Matokeo: 62, 55, 67.

Kuzoeshwa kwa glukosi kumeleta sehemu kubwa ya kinga bila sodiamu yoyote, kwa hiyo taarifa kuu ni ya kupotea kwa maji. Pengo lililobaki kati ya 61 na 81 tunaliona linaelekea kwenye pampu ya sodiamu. ENA1 huwashwa pia kwa njia nyingine, ya kalsiamu na kalsinyurini (kimeng'enya kinachoamshwa na kalsiamu), ambayo inaitikia sodiamu. Zaidi ya hapo, glukosi nyingi huizima ENA1. Vipimo vyetu haviwezi kutenganisha sababu hizo mbili.

Barafu: seli zilizokaa dakika 60 kwenye molari 0.7 ndani ya maji ya barafu zilitoa 13, 17, 12. Chumvi ilikuwepo, maji yalitoka, seli zilisinyaa waziwazi kwenye hadubini, lakini kinga haikujengeka. Kusinyaa peke yake hakutoshi, seli lazima ifanye kazi. Tusiseme zaidi ya hapo, kwa sababu baridi haizuii utengenezaji wa protini tu, inapunguza kasi ya kila kitu, pamoja na gliseroli inayotengenezwa na vimeng'enya vilivyokuwepo tangu mwanzo. Kipimo makini zaidi ni sikloheksimidi, dawa inayosimamisha ribosomu. Ni sumu, na hatutaiingiza kwenye chumba kinachotumiwa na wanafunzi.

17 Agosti 2024. Gharama mpaka sasa

Agari gramu 100, sh 18,000. Visahani vya plastiki 80, sh 56,000. Glukosi pakiti 4, sh 18,000. Spiriti lita 2, sh 12,000. Mabomba ya sindano 40 ya kupimia, sh 12,000. Mkaa, sh 10,000. Viazi kilo 5, sh 7,500. Hamira, sh 4,000. Barafu, sh 3,000. Chumvi kilo 2, sh 2,000. Jumla sh 142,500. Hadubini, kioo cha kuhesabia, mizani ya gramu 0.1 na sufuria ya presha ni vya kuazima. Anayeanza leo akifuata marekebisho ya hapo juu ataokoa karibu theluthi moja ya sahani, ambazo ndizo zilizotugharimu zaidi. Visahani vya kioo vingepunguza hata hiyo, maana vinaingia kwenye presha na kutumika tena. Vya plastiki vinalowekwa kwenye klorini usiku mmoja kabla ya kutupwa.

Hatua inayofuata ni kuzoesha kwa kloridi ya potasiamu ya molari 0.7 badala ya chumvi ya kawaida. Mvuto wa maji utakuwa uleule bila sodiamu, na bila glukosi nyingi ya kuizima ENA1. Koloni zikikaribia 81, pengo la Agosti lilitokana na glukosi. Zikibaki karibu na 61, lilitokana na sodiamu.